Weusi Ulionipeleka Shule

Mimi nilisomeshwa kwa sababu ni mweusi. Sitanii. Siku baba alipoamua nani aendelee na shule na nani asubiri kuolewa, alituita uani mimi na mdogo wangu, akatutazama kama mtu anayechagua mbegu, akasema mbele ya wajomba: "Huyu mweusi mwacheni asome. Huyu mweupe ana watu wake." Wajomba wakaafiki. Mama alikuwa anapepeta mpunga pembeni na hakuinua kichwa. Mimi na mdogo wangu tulipishana mwaka mmoja tu, na kusema ukweli wa Mungu, yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha hesabu.

Aliachwa amalize la saba, basi. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake walijaza zizi mpaka majirani wakawa wanakuja kuwatazama jioni. Na ni ng'ombe haohao baba aliowauza mmoja mmoja kulipa ada yangu, sekondari mpaka chuo. Kwa hiyo nikitundika cheti changu cha ushauri nasaha ukutani, nimetundika ngozi ya mdogo wangu. Mwaka juzi tulikuwa wawili jikoni kwake tunamenya viazi vya kukausha michembe, akaniambia bila chuki yoyote, "Mimi nilikuwa najua hesabu kuliko wewe." Nikamwambia najua. Tukaendelea kumenya.

Watu wakisikia ubaguzi wa rangi wanawaza wazungu. Wanawaza Makaburu, wanawaza polisi wa Marekani waliowaona kwenye simu. Hebu njoo huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, ukae kwenye posa. Sisemi kila nyumba, nasema nyumba za kutosha. Binti mweupe anatajiwa ng'ombe mpaka wazee wanalamba midomo. Maji ya kunde anapata wa wastani. Mweusi tii kama mimi, wazee wanakohoa kwanza. Na waliokaa pale wote ni weusi! Anayetaja mahari ni mweusi, anayeomba apunguziwe ni mweusi, na ng'ombe wenyewe wengi wao ni weusi na hakuna anayewashusha thamani kwa hilo.

Sasa mtu aliyekulia humo unampeleka semina Shinyanga mjini, siku nzima na soda moja, mkufunzi katoka Dar es Salaam na tai yake, anasimama mbele anasema, "Mshauri nasaha hana kabila wala rangi. Ukiingia chumbani, nafsi yako iache mlangoni." Wenzangu wanaandika. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, sawa, mimi nimeiacha mlangoni, je, huyo mteja anaingia amefumba macho? Watu wakacheka. Mkufunzi akasema swali zuri, tutalirudia baada ya chakula. Hatukulirudia mpaka leo.

Nafanya kazi kwenye kituo cha afya kando ya barabara inayotoka Kahama kuelekea machimbo ya upande wa Bulyanhulu. Chumba changu zamani kilikuwa stoo ya vyandarua, kina pazia badala ya mlango, kwa hiyo hata ningetaka kuacha nafsi mlangoni, mlango wenyewe sina. Wateja wangu ni wake wa wachimbaji, wachimbaji wenyewe wakishalewa wakajuta, na mabinti. Wote wananiita dokta. Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, nimechoka kuwasahihisha.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa na daktari wetu mwenyewe, kipindi mpunga umeshavunwa na watu wameanza kuoana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na alifuatana na mama yake. Kila akiamka asubuhi uso umemvimba, miguu nayo ukiibonyeza inabaki na shimo, na mkojo unatoa povu. Daktari alipomuuliza anajipaka nini, mama akafungua mkoba, kwa fahari kabisa, akatoa kopo la mkorogo wa kujichubua kutoka sokoni Kahama. Daktari akawaeleza: humu ndani kuna zebaki, inaingia kwenye damu na kuharibu figo, acha leo hii, meza dawa hizi, figo bado zinaweza kupona. Ukiendelea, zitakufa. Wakasema wamesikia. Walivyorudi kupima, vipimo vilikuwa vibaya kuliko mwanzo, na uso wa binti ulikuwa mweupe zaidi.

Ndipo daktari akaniletea. Akaniambia tu, "Waeleweshe," kama vile kuelewesha ni kumpa mtu panadoli.

Nilianza na mama kwanza. Mama alikuwa mweusi kama mimi, rangi moja kabisa, ungetuweka pamoja ungedhani tumezaliwa tumbo moja. Nikamuuliza kama alimwelewa daktari kuhusu zebaki. Akasema amemwelewa vizuri, tena yeye ndiye aliyetaka yenye zebaki, kuna mikorogo ya bei ndogo isiyo nayo akaikataa. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito. Akaniuliza kwani zebaki si ndiyo inayokamata dhahabu? Mawe yanasagwa, yanaoshwa, unaweka zebaki, uchafu wote unaondoka, inabaki dhahabu inang'aa. Sasa kitu kinachotoa dhahabu kwenye tope kitashindwaje kutoa weupe kwa binti? Huyo mama ameishi machimboni maisha yake yote, na kila mwenye fedha aliyemwona, fedha yake ilipita kwenye zebaki. Ungemwambiaje kwamba ni sumu? Nilimwambia. Akasema ni sumu kwa mchawi tu.

Sababu ya yote hayo ilikuwa posa. Kijana mmoja mwenye duara lake, yaani shimo lake mwenyewe la dhahabu, na kwao ni wafugaji wakubwa, alikuwa ametuma watu. Ilibaki shangazi yake aje kumwona binti. Na hao mashangazi, nyie, wasikieni hivihivi. Siku hizi wanajua mkorogo upo. Kwa hiyo binti anapopiga goti kumsalimia, shangazi anaupokea mkono wake na hauachii. Anaitikia marahaba taratibu, anauliza habari za nyumbani, habari za mifugo, na muda wote kidole gumba chake kinapapasa vifundo vya vidole. Maana mkorogo unakubali usoni, unakubali shingoni, lakini vifundoni unakataa, panabaki sugu nyeusi. Shangazi akiiona sugu, ng'ombe wanapungua palepale. Binti wangu alikuwa nazo. Ndiyo maana mama yake alikuwa anaongeza dawa badala ya kuacha.

Basi nikakaa na binti peke yake. Nilifuata nilivyofundishwa. Nikamuuliza maswali yaliyo wazi, nikanyamaza pale pa kunyamaza, nikamrudishia maneno yake. Maneno yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa anatazama bango la uzazi wa mpango nyuma yangu. Uvumilivu ukaniisha. Nikaweka kitabu pembeni, nikaanza kumwambia kwamba weusi ni mzuri, kwamba ngozi yake ya asili ni zawadi, kwamba mimi unaniona hapa ni mweusi tii na nimesoma, nina kazi, nina kwangu. Nilisema kwa moyo wote.

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Akasema, kwa upole kabisa, "Dokta, hayo husemwa na waliokosa."

Nilitaka kumzaba kofi. Mshauri nasaha haruhusiwi hata kuwaza kofi, na mimi niliwaza mawili. Nimekaa darasani miaka yote ile, nimemsikiliza kila mlevi na kila mgomvi wa barabara hii, leo mtoto mwenye figo zinazokufa ananiambia sizitaki mbichi hizi! Hakujua, maskini, kwamba amegusa palepale. Tangu utoto nilikuwa nasikia sauti hiyohiyo. Nikiimba kanisani, wanasema sauti nzuri, ila. Nikifaulu, wanasema bora, maana huyu asingepata wa kumchumbia. Kila kizuri changu kilikuwa fidia. Sasa nimekaa kwenye kiti cha kusaidia watu na bado mteja wangu ananiona nimefidiwa.

Nikamkabidhi kwa mwenzangu. Huyu ni muuguzi aliyesomea ushauri pia, kwao ni Manyara, mweupe wa kuzaliwa, hajawahi kupaka chochote zaidi ya mafuta ya mgando. Tulipanga pamoja aseme nini, na akasema vilevile, neno kwa neno. Alipotoka alikuja kwenye chai anacheka mpaka chapati inamtoka. Binti alimsikiliza vizuri sana, hakutazama bango hata mara moja, na mwisho akamuuliza, "Dokta, wewe unatumia mafuta gani?"

Haikunichekesha. Nikamwambia mwenzangu hakuna cha kuchekesha, huyu mtoto anakufa. Mimi nikisema, anaona nina wivu; wewe ukisema, anaona unajisemea tu kwa kuwa umeshapata. Sasa nani aseme? Akaacha kucheka. Akafuta mikono, akaniambia kitu ambacho kilinifanya nisimsemeshe siku kadhaa. Alisema ameona nilivyokuwa nikimzungumzia binti tangu aletwe, na kwamba hasira yangu ni juu ya binti, si juu ya mkorogo. Nikamjibu kuwa asiyeonewa hawezi kumfundisha aliyeonewa namna ya kukasirika. Na bado nadhani nilikuwa sahihi. Yeye pia alikuwa sahihi, ndilo lililoniudhi zaidi.

Binti alirudi mwenyewe, bila mama, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Nikafurahi, nikadhani amekuja kutubu. Kumbe shangazi anakuja Jumamosi, naye ametumwa aombe kidonge cha kupunguza uvimbe ili siku hiyo aonekane vizuri. Uvimbe tu. Mkorogo unaendelea.

Hapo nikalipuka. Sikumwambia tena habari za uzuri wa weusi. Nilimwambia habari za uani kwetu. Nilimwambia baba alivyotutenga, mimi huku na mdogo wangu kule, na ng'ombe walivyouzwa mmoja mmoja nikawa ninasoma. Nilimwambia unadhani shule nilipewa kwa kupendwa? Nilipewa kwa kuwa sikuwa na soko. Na mdogo wangu unadhani aliolewa kwa kupendwa? Hakuna aliyetuuliza. Rangi ndiyo iliyoulizwa, ikajibu kwa niaba yetu. Nilikuwa nimesimama. Watu wa foleni nje ya pazia walikuwa kimya kabisa, maana wamepata redio.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza baba yangu yuko hai? Nikasema yuko hai. Akauliza kama huwa naenda kumwona. Nikasema naenda, kila nikipata likizo.

"Unampelekea nini?"

Nikasema sukari, sabuni, wakati mwingine kitenge cha mama.

"Na unapiga goti unamsalimia?"

Nikasema ndiyo. Nifanyeje sasa, ni baba yangu.

"Basi dokta," akasema, "baba aliyekufanyia hivyo unampelekea sukari. Mimi sijakufanyia kitu, mbona unanigombeza mimi?"

Nilikaa. Unaweza kusomea kazi hii ukapewa cheti na kofia, ukafundishwa namna ya kukunja mikono ili mteja asione umeudhika, na hakuna mahali watakapokufundisha kwamba siku moja mteja atakuuliza ile hasira ya kwenu mbona unaimalizia kwake. Nilikasirika mno, nikakosa pa kuiweka hiyo hasira. Nikamwambia aniitie mama yake, aje naye kabla ya Jumamosi, la sivyo kidonge cha uvimbe asahau.

Mama alikuja siku ya pili. Nilishakata shauri sitabishana. Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini? Na sikumuuliza kitaalamu, nilimuuliza kama mwanamke kwa mwanamke. Akaniambia. Yeye alitolewa mbuzi. Ng'ombe hakuna hata mmoja, mbuzi tu, na ukweni walimwimbia hao mbuzi miaka yote. Akiunguza mboga, mbuzi. Akichelewa kisimani, mbuzi. Mwanawe wa kwanza alipofariki mawifi walisema palepale msibani kwamba mali ya mbuzi haidumu. Kisha akasema neno ambalo silisahau.

"Dokta, wewe weusi wako ulikupa shule. Mimi wangu haukunipa shule wala ng'ombe. Mwanangu hatatukanwa."

Yote niliyokuwa nimeyapanga yalikwisha. Mimi nilijiona ndiye niliyedhulumiwa kuliko wote nchi hii, na mbele yangu kakaa mwanamke wa rangi yangu ambaye hata ile fidia hakuiona. Na hasira ikazidi badala ya kupungua, kwa sababu uchungu wake wote ule alikuwa anaumwagia kwenye figo za mtoto. Binti alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni, mikono ameificha kwenye kanga.

Basi nikaongea. Hayakuwa maneno ya chuoni wala ya semina. Nilifungua mdomo likatoka la uani kwetu, la wajomba. Nikamwambia, mama, mila unaijua kuliko mimi. Mke akiugua hajazaa, anarudishwa kwao, si ndiyo? Akasema ndiyo. Na ng'ombe? Akanitazama.

"Ng'ombe wanarudi," nikamwambia. "Figo za huyu zikifa hatashika mimba, na akishika haitafika. Watamrudisha. Watakuja na fimbo zao kuhesabu zizini kwako, watachukua na ndama. Hapo ndipo utakapojua matusi."

Midomo ya mama ilikuwa inacheza, anapiga hesabu. Akaniuliza kama na waliouzwa nao hudaiwa. Nikasema hudaiwa, tena hao ndio huleta ugomvi. Akauliza akiacha leo, figo zitapona kabla ya harusi? Nikamwambia daktari anasema zinaweza. Akasimama, akatoa lile kopo mkobani, akatoka nje kuelekea vyoo vya wagonjwa. Aliporudi mkoba ulikuwa mwepesi. Shangazi akatumiwa ujumbe kwamba binti anaumwa malaria, asubiri. Kwisha. Wiki na wiki daktari alihangaika, mwenzangu alihangaika, mimi nililipuka, hakuna lililoingia. Lililoingia ni ng'ombe.

Daktari alinipongeza. Alisema kwenye kikao cha asubuhi kwamba nina kipaji cha kuongea na jamii. Mwenzangu wa Manyara alipiga makofi pamoja na wengine, na nikaona ananitazama, nikageukia dirishani. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kama mtu angeniuliza habari za asubuhi ningelia. Nimeshinda kwa kauli ya baba yangu. Tena niliisema vizuri kuliko yeye.

Binti aliendelea kuja kupima. Povu likapungua, miguu ikarudi kawaida, na rangi yake ikaanza kujirudia, kwanza masikioni, kisha mashavuni, rangi nzuri ya maji ya kunde ambayo wala haikuwa nyeusi. Kipimo cha mwisho kilipotoka safi, alipita chumbani kwangu kuaga. Akapiga goti, akasema shikamoo, nikasema marahaba. Alinishukuru. Alisema mama pia anashukuru, na posa bado ipo, shangazi atakuja baada ya mvua. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Ndiyo, sasa ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Hakujibu hilo. Aliniambia, bila ukali, kama mtu anayetaja kitu alichokisahau hapa juzi, "Dokta, siku ile mimi nilikuwa nimekaa palepale. Mlivyokuwa mnanipigia hesabu, wewe na mama mlielewana haraka sana."

Nilitaka kumwambia mimi si kama wao. Nilifungua mdomo kabisa. Akasubiri kwa adabu, goti bado liko chini, mpaka nilipoufunga.